Korosho za Newala Ndani ya Kopo la Vietnam

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilikuwa kijana, mgeni Marekani, nahudumia wazee katika nyumba moja kule Arlington. Wiki hiyo babu yako, aliyetuzaa mimi na baba yako, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba bei ya korosho imemchosha, anafikiria kuikata mikorosho yote achome mkaa.

Ikaingia Idi. Kwetu Newala, Tanzania, mgeni hakaribishwi bila korosho, basi nikapita dukani, nikanunua kopo zuri, nikaenda kuwakirimu wenzangu kazini. Nilijisifu, nakwambia. Nikawaambia hizi ndizo za kwetu, baba yangu ndiye anayezilima.

Tulikuwa na mfanyakazi mwenzetu pale, mama mmoja wa Kivietnam, Bi Lan, mtu wa maneno machache. Akaligeuza kopo, akaniwekea kidole kwenye maandishi: zimetoka Vietnam. Wenzangu wakacheka. Nikaanza kubisha, kisha nikakitazama kile kidole. Kilikuwa na makovu meusi ya utomvu wa ganda la korosho, yaleyale ya vidole vya mama yangu aliyekuwa akibangua uani, akizivunja ganda kwa mkono.

Bi Lan akanieleza kwamba ujana wake ulipita kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Mwanzo walibangua za kwao. Viwanda vilipoongezeka hazikutosha tena, zikawa zinaletwa kwa meli, magunia kwa magunia, zikiwa bado na maganda. Nikamuuliza zilitoka wapi.

"Afrika," akasema. "Magunia mengine yaliandikwa Tanzania. Mimi nilidhani ninyi huko hamzili."

Hamzili! Zimetoka kwetu, zimevuka bahari kwenda kuvuliwa ganda tu, zimevuka nyingine kuja Arlington, na mimi mtoto wa mkulima nimezinunua kwa bei ya kuruka na kuzisifia. Nikatoka mbio mpaka maegesho ya magari, nikampigia baba.

"Baba, usikate. Zinaliwa huku. Tatizo tunaziuza na ganda."

Akanijibu: "Umechelewa, mwanangu. Upande wa bondeni nimeshaumaliza."

Nililia palepale, sioni haya kukwambia.

Mikorosho iliyobaki ndiyo hiyo mnayoizungumzia wewe na ndugu zako. Juzi hapa Herndon umeniambia, "Baba mdogo, let's just sell, hakuna future kule." Hukuniona nilivyoshtuka, maana ulikuwa unatazama simu yako.

Sikukatazi kuuza shamba. Ninachokukataza ni kuuza kitu ambacho hujakifuata mpaka mdomoni mwa anayekila. Akina Bi Lan hawakutuibia. Waliungua vidole, wakajenga viwanda, nchi yao ikainuka kwa kupeleka nje kitu kilichokamilika. Sisi korosho tulikuwa nazo, na vidole pia tulikuwa navyo. Nenda Newala kwanza. Kaa na shangazi zako wanapobangua, uliza mashine ya kubangulia inataka nini, uliza nani ananunua. Ukirudi bado unasema tuuze, nitatia saini bila kinyongo.

Mungu akufumbue macho mapema kuliko mimi, akupeleke na kukurudisha salama, na siku moja uligeuze kopo dukani hapa, ulikute limeandikwa jina la kwetu.