Pijo ya Baba na Stika ya Bima

Mpaka leo nikiona stika ya bima kwenye kioo cha gari, damu inanichemka.

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na macho yake yalikuwa yakifa kuanzia pembeni. Aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na daktari alikuwa amemwambia hata hicho kitundu kitaziba. Basi akataka jambo moja tu: nimpeleke Homa Bay, alikofundisha akiwa kijana, akaone kilima cha Asego na ziwa akiwa ameketi ndani ya gari yake, Pijo 404 aliyoinunua hukohuko kabla mimi sijazaliwa. Matatu hakutaka hata kuisikia. Kusafiri bila bima pia hakutaka. Yeye, mzee wa kanisa, angewaambia nini polisi? Nyumbani kwetu Migori ni mimi peke yangu niliyekuwa na leseni, tena mpya, kwa hiyo kazi ya kutafuta bima ikaniangukia.

Wakala wa bima mjini alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. Akaniuliza gari ni ya mwaka gani. Nilipomwambia, akacheka.

"Hiyo gari imekushinda miaka mbali sana. Na wewe mwenyewe bado ni mtoto. Kampuni itakataa gari, ikatae na dereva."

Nilirudi tena na tena. Nadhani nilimchosha, maana mwishowe akasema kampuni itafikiria iwapo mkaguzi wake wa Homa Bay ataiona gari.

"Sasa nitaipeleka aje na haina insurance?"

"Hiyo ni shida yako. Ivutwe. Ikivutwa, wewe hujaendesha."

Alikuwa ananitania. Baba nilipomsimulia, hakucheka hata kidogo. Alikwenda kwa jirani mwenye lori lililokuwa likienda Homa Bay kuchukua dagaa wa omena, wakakubaliana. Asubuhi ya safari nikamkuta amevaa suti, ameketi kiti cha mbele cha Pijo, ananingoja.

Tulivutwa kwa mnyororo, injini imezimwa, mimi nimeng'ang'ania usukani huku nikiogopa kuligonga lori kila lilipopunguza mwendo. Kutoka Rongo hadi Rodi tulikula vumbi lake lote. Baba aliinama huku na huku, lakini kile kitundu chake kilijaa ubao wa nyuma wa lori na turubai lenye harufu ya samaki.

"Asego imetokea?" aliuliza.

Ilikuwa imetokea. Nilimwelekeza kwa kidole, hakuipata.

Mkaguzi alitungojesha hadi alasiri, akaizunguka gari mara moja, akapiga gurudumu teke, akasema tukangoje jibu nyumbani. Ziwa lilikuwa pale chini tu, nyuma ya soko. Nikamshika baba mkono.

"Twende kwa miguu, baba. Ni hapo tu."

"Nyara, binti yangu, mimi nilikuja kuliona nikiwa kwa gari yangu. Tutarudi na stika."

Nilitaka kulia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie yeye na ukaidi wake au wale watu na upuuzi wao, na dereva wa lori alikuwa tayari anapiga honi.

Kampuni ikakataa. Ikaomba picha za gari, ikakataa tena. Nikaambiwa nisubiri niongeze umri kidogo, utadhani macho ya baba nayo yaliambiwa yasubiri. Stika ilipotoka hatimaye, wakala alinipa mkono wa pongezi akashangaa kuona simshukuru.

Tulikwenda Jumapili moja baada ya mvua. Baba alikuwa amevaa suti ileile. Niliegesha pua ya gari karibu kabisa na maji. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu kwa ndani. Baba akatoa leso, akafuta kioo upande wake taratibu mpaka kwenye kona, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni.

"Ziwa liko upande gani?" akaniuliza.

Nikamwambia liko mbele yake.