Muuza Kamba na Sindano ya Picha

Mama mkwe wangu aliuza kamba, hao wa baharini, tangu mimi sijazaliwa. Na siri yake kubwa, ambayo nyumba nzima tuliilinda, ni kwamba kamba mwenyewe hakuweza kumtia kinywani. Akionja mmoja tu, midomo inavimba, macho yanafumba, mabaka yanamtambaa shingoni. Mwaka nilioolewa alijisahau akalamba mwiko. Siku tatu alijifungia ndani, na mimi bi harusi nikawekwa mlangoni kuwaambia wageni mama anaumwa jino. Jino lipi, wakauliza. Nikasema meno yote.

Lakini ungemsikia sokoni Bagamoyo! "Wa Mlingotini hawa, wamevuliwa alfajiri. Jana nimekula wenzao na wali wa nazi, nikashindwa kuinuka." Uongo mtupu, tena anausema huku akijishika tumbo. Na watu wananunua.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ubavu ukaanza kumuuma, akawa anakojoa damu. Akaandikiwa barua aende hospitali kubwa Dar es Salaam, figo zikapigwe picha. Mume wangu alikuwa safarini, kwa hiyo nikaambiwa nimsindikize mimi. Mimi! Mkamwana ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa sijamtazama machoni nikisema naye, sembuse kumpinga. Kwetu mkamwana huitika "labeka mama", basi, maneno yake yameisha.

Jioni ya kuamkia picha alitakiwa anywe mafuta ya mbarika ya kusafisha tumbo, kisha asile wala asinywe chochote. Tulifikia kwa ndugu zetu Magomeni. Yaliyotokea kati ya chumba chetu na choo cha uani siyasimulii, maana marehemu alikuwa mtu wa heshima zake. Asubuhi aliamka mwepesi, ana kiu, na mkali kuliko kawaida.

Hospitali tukakaa kwenye benchi. Na nani tunamkuta hapo? Jirani yetu wa Bagamoyo, mteja wake mama wa kila Ijumaa, amekuja kuangaliwa mguu. Wakaamkiana, wakaulizana hali za watoto, za wajukuu, mpaka za kuku. Hawajamaliza, nesi akaja na karatasi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tutakuchoma dawa ya mshipani, ndiyo inayofanya figo zionekane kwenye picha. Ina aidini."

"Aidini ile ya kupaka kidonda?"

"Ni jamii hiyo hiyo."

"Sasa mnanipaka ndani?"

Jirani akacheka. Nesi hakucheka. "Wapo inaowadhuru, bibi, wakavimba, pumzi ikawabana. Kwa hiyo niambie kweli. Kuna chakula kinachokudhuru? Samaki, kaa, kamba?"

Nililiona jicho la mama likienda kwa jirani, likarudi.

"Kamba?" akasema kwa sauti yake ya sokoni. "Wanidhuru mimi? Muulize huyu bibi hapa nani anamlisha kamba kila Ijumaa! Jana tu nimekula."

"Jana si ulikunywa mafuta ya mbarika?"

"Basi juzi."

Nesi akaandika hapana. Nikaiona kalamu ikiandika. Nikisema, nimemuumbua mama mkwe mbele ya mteja wake, na kwa kosa hilo mtu hurudishwa kwao na sanduku lake. Nikinyamaza, anachomwa. Nilimuogopa yule mama kuliko kifo, lakini kifo chenyewe kilikuwa chake.

Nikapanga nimfuate nesi nikamnong'oneze pembeni. Wapi! Jina likaitwa, mama akasimama, mlango ukafunguliwa. Nikapiga kelele, wallahi, kelele: "Anavimba! Akila kamba anavimba! Lile jino lilikuwa kamba!"

Benchi zima likageuka. Mama naye akageuka, akaniangalia kuanzia utosini mpaka kwenye ndara.

"Nani huyu?" akamuuliza nesi. "Mimi simjui."

Daktari akaitwa. Akasikiliza, akaamuru achomwe kwanza sindano ya kinga, na nyingine iwekwe tayari kwenye sahani. Mimi nikaruhusiwa kusimama nyuma ya pazia. Dawa ikaingia polepole. Mara nikasikia: "Toba! Nimejikojolea! We mkamwana, lete kanga!" Ehe, sasa kanijua.

Daktari akamweleza hajajikojolea, ni joto la dawa tu, litapita. Hakuamini mpaka nilipopapasa mwenyewe nikamwambia pakavu. Nilikuwa bado nacheka kimoyomoyo nilipoona mabaka yakipanda shingoni. Akapiga chafya, na nyingine, na nyingine, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Cheko likanikauka. Nesi akainyakua ile sindano ya kwenye sahani, akamchoma. Baada ya muda pumzi ikatulia, nami nikajikuta nimekaa sakafuni nalia.

Siku hizi wajukuu waliosoma wananiambia kamba na dawa ile havihusiani hivyo, mtu aweza kudhurika na hiki asidhurike na kile. Haya, sawa. Wao hawakuwapo.

Wiki mbili hakunisemesha. Maagizo aliyapitisha kwa paka: "We paka, mwambie mwenzio maji yamechemka." Habari zilikuwa zimeshaenea mji mzima. Wateja walikuja, wakamtania weee, halafu wakanunua kamba wao kama kawaida, jambo lililomuudhi zaidi.

Kisha tukarudi Dar kwa majibu ya zile picha, zilizopigwa pumzi ilipotulia. Ni jiwe kwenye figo, itabidi apasuliwe. Nesi mwingine akaja na karatasi, watu wamejaa pande zote. "Bibi, kuna dawa au chakula chochote kinachokudhuru?"

Mama akafungua kinywa. Akakifunga. Akanishika mkono, akanivuta mbele.

"Muulize mwanangu huyu," akasema. "Mimi mwongo."