Nilivyomsindikiza Binti Yangu kwenye Intavyu

Soja wa getini aliponipigia simu na kusema, "Mzee, kuja naye, nitawapitisha mbele ya foleni," nilipaswa kumwambia asante, msichana atakuja peke yake. Sikumwambia. Nilisema tutafika mapema, kisha nikaenda kupiga suti yangu pasi.

Soja huyo ni mtu wa kwetu Ukambani, na tulifanya kazi pamoja nilipokuwa karani wa ghala. Kiwanda alichokuwa akilinda sasa kilikuwa kimemwita binti yangu wa mwisho kwenye intavyu. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, na tangu amalize alikuwa akikaa nasi mtaani Jericho, akituma maombi yasiyojibiwa. Kila asubuhi nilimwona akitazama simu, halafu akiifunika kifudifudi mezani. Usingizi ulinipaa. Nikifa kabla hajapata kazi, itakuwaje?

Kumbe yeye alikuwa amejiandaa vizuri. Siku moja kabla, alitembea hadi kiwandani ili aijue njia na aone mafundi wa pale wanavyovaa. Jioni akamwomba mamake amuulize maswali.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" mamake akauliza huku akikata sukuma wiki.

"Nina karakana yangu, natengeneza mota. Lakini kwanza nataka kujifunza mashine kubwa, na kwenu ndiko ziliko."

Nilikurupuka kutoka kitini. "Usithubutu kuwaambia hivyo! Watakuona mpita njia."

"Baba, si ndio ukweli?"

"Utakula ukweli?"

Mamake aliniambia niketi, chai inapoa.

Asubuhi alinikuta mlangoni nimevaa suti. "Unaenda wapi?"

"Nakusindikiza tu."

"Mpaka getini?"

"Mpaka getini," nikaahidi.

Tulishika Jogoo Road, tukapita Makongeni. Pale kiwandani foleni ilizunguka ukuta. Soja akafungua mlango mdogo, akatuita kwa mkono. Binti yangu alisita. Nikamsukuma kidogo mgongoni.

"Niaje, buda!" kijana mmoja akanipazia sauti. "Na wewe umekuja kuandikwa kazi?"

"Huyo ni meneja wa msichana," mwingine akadakia, na foleni nzima ikacheka.

Nilipaswa kurudi nyumbani hapo hapo. Badala yake niliingia naye, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha intavyu. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Mama aliyekuwa akihoji alikuwa mpole. Aliuliza kuhusu nyaya, kuhusu usalama, na binti yangu akajibu bila wasiwasi. Kisha likaja lile swali la miaka mitano.

Akanyamaza.

Leo najua alikuwa akipanga maneno yake. Siku ile niliona kazi ikimponyoka. Nikajikuta nimesimama mlangoni.

"Atakaa hapa mpaka astaafu, madam. Huyu si wa kuhamahama."

Yule mama akavua miwani. "Mzee, anayetafuta kazi ni nani kati yenu?"

Binti yangu aliinamisha kichwa. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa neno mojamoja, na hawakumwita tena.

Tulipokuwa tukirudi alisema jambo moja tu: "Hata kama ni kukosea, ungeniacha nikosee mwenyewe."

Vijana wa mtaa huu huniuliza wafanyeje ili waandikwe. Nawaambia waende waone mahali kabla ya siku yenyewe, na wajue kazi hiyo itawafikisha wapi. Wakiulizwa wanataka nini, wanyamaze wafikiri, halafu waseme wenyewe. Mzazi abaki nyumbani.

Baadaye alipata kazi katika kiwanda kingine. Nilijua siku alipochukua godoro lake kuhamia chumba alichopanga. Miaka imepita, na mwezi uliopita jirani yetu alinisimamisha sokoni.

"Hongera, baba! Karakana ya msichana pale Donholm inapendeza. Mbona hamkutualika siku ya kufungua?"

Nikasema tulikuwa na haraka. Sikuwa nimesikia habari za karakana yoyote.

Kutoka kwangu hadi Donholm si mbali. Binti yangu hunipigia simu Jumapili, huniuliza kuhusu presha yangu, hunitumia pesa za dawa. Lakini anachokitaka maishani, na anachokiogopa, haniambii tena. Hicho ndicho nilichopoteza siku ile.