Babu Soli na Kifua cha Mjukuu

Babu Soli, fundi viatu, alivuta sigara tangu ujana wake. Mjukuu alipozaliwa alijiwekea sheria: atavutia nje tu, na atasukutua mdomo kabla ya kumbeba. Mtoto alizoea kulala kifuani pake, lakini akazidi kukohoa, kifua kikipiga mluzi.

Kliniki, mzee alieleza sheria yake. Nesi akanusa shati lake. "Mdomo umeosha, babu. Na hili shati? Moshi umeganda humu, na mtoto analala juu yake."

 Siku ileile mzee aliacha sigara, akaapa hambebi mtoto mpaka apone. Kibandani alibana misumari ya viatu midomoni kutwa nzima.

"Fundi, siku hizi unavuta misumari?" wateja walimtania.

Baada ya miezi miwili nesi alisikiliza kifua cha mtoto, mbele, nyuma, kisha mbele tena.

"Safi kabisa, babu."

"Kweli, nesi? Hebu sikiliza tena."

Mkwewe, mama wa mtoto, hakungoja. Alimwekea mtoto mikononi. Mzee akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.