Ushindi kwa Kiitaliano

Kiitaliano nilifundishwa na masista hapa Iringa, nacho kimenilisha. Napeleka wageni mbugani kwa njia ya Idodi, narudi Mlandege na vumbi hadi kwenye kope. Ndiyo maana mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Mbeya, alinipigia simu alipojifungua njiti, mtoto wa kike asiyetimiza miezi. Alikuwa ameshazika watoto wawili, na sasa alitaka jina zito.

Nikampa Vittoria. Nikamweleza, kwa madaha ya mtu ambaye siku zote haulizwi kitu, kwamba maana yake ni ushindi. Kwamba asili yake ni Kilatini, victoria, kutoka vincere, kushinda vitani. Wareno wanasema vitória, Wafaransa victoire, na Warumi wa kale walikuwa na mungu wa kike wa jina hilo, mwenye mabawa. Mabawa yalimfurahisha.

Bibi yetu mzaa baba hakufurahishwa na lolote. Nilimsindikiza kwa basi hadi kwa mdogo wangu, Ilomba, Mbeya, naye alininunia njia nzima. Kwao, mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa hupewa jina la ovyo, ili kifo kimdharau, kipite zake. Alimtazama mtoto aliyefungwa kifuani mwa mama yake apate joto, mdogo kama hindi bichi, akasema taratibu:

"Ushindi unatangazwa vita ikiisha, wajukuu zangu. Huyu mwiteni Jalala."

Mdogo wangu alikataa. Alisema wale wawili walikuwa na majina ya kawaida tu na kifo hakikuwaacha. Nilikuwa upande wake, na hadi leo nipo. Anayeniambia kwamba jina linaua, namchukia waziwazi.

Mtoto alikufa asubuhi moja ya ukungu, palepale kifuani. Kichanga huzikwa na wanawake watu wazima, basi bibi akaenda nao, nami nikabaki ndani na mfiwa. Nilikuwa na uchungu hata sikujua mikono niiweke wapi. Yeye hakulia. Aliniuliza kama wazungu wale wana neno la mwanamke aliyeshindwa.

Wanalo. Ni vinta, na limetoka kwenye vincere hiyohiyo.

"Silijui, mdogo wangu," nikamwambia. "Masista hawakunifundisha."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta khanga kujifunika kifua. Maziwa yalikuwa yameshailowesha.