Baridi Niliyovua Samaki na Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja Johannesburg mwezi wa tano, mke wangu akiwa amebakiza wiki chache ajifungue mtoto wetu wa kwanza. Alitoka Tanga na sanduku la nguo na begi kubwa la vitu vya jikoni, kwa sababu mtu alikuwa amemwambia kwamba huku hakuna viungo. Tulimpokea uwanja wa ndege na koti zito la sufu. Alilivaa pale pale juu ya baibui, na sikumbuki kumwona nje ya nyumba bila lile koti mpaka siku aliyoondoka.

Tulikuwa tunakaa Randburg, kaskazini mwa jiji, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Mimi na yeye hatukuwa tunazungumza. Si kwamba tulikuwa na ugomvi. Nimelelewa kwamba mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya, na yeye alilelewa hivyo hivyo, kwa hiyo akiingia sebuleni mimi nakumbuka nina shughuli chumbani. Kwenye nyumba kubwa ya nyumbani mambo hayo yanawezekana. Kwenye fleti unajificha wapi? Akitaka kitu alimwambia binti yake, mimi nikiwa nimekaa pale pale.

"Mwambie mwenzio hii hita inanuka."

"Mwambie mama nitaiangalia."

Mke wangu, na tumbo lake lile, alikuwa akigeuza shingo huku na huku. Siku moja akachoka. "Mmeshasikiana," alisema. "Mimi siyo simu."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mama mkwe alimkanda binti yake kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mjukuu mbele ya hita huku akimwimbia. Nyumba ilinuka mafuta ya nazi na udi. Arobaini ilipopita kazi zikampungua, akaanza kukaa dirishani. Aliona taa za barabarani, ambazo huku huitwa roboti, zikibadilisha rangi, maegesho ya maduka, na watu wanaokimbilia magari yao wameingiza mikono mifukoni.

"Wanakimbilia wapi kila siku?" alimwuliza binti yake. Siku zilizofuata alishinda pale pale dirishani.

Mimi ni fundi wa friji. Baridi ikiingia simu yangu hailii, maana hakuna anayekumbuka friji yake mwezi wa saba. Huo ndio msimu wangu wa kwenda kuvua. Wanaonijua hushangaa, kwa sababu nimekulia Tanga, bahari ikiwa mwisho wa mtaa, na sikuwahi kushika ndoana. Baba yangu alikuwa karani wa reli, na alitaka tushike vitabu. Aliyenifundisha kuvua ni rafiki yangu Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, ambaye kazi yake ni kuhamisha watu vyombo kwa pikapu. Alinichukua mto Vaal baridi yangu ya pili huku, na tangu siku hiyo tumekuwa tukienda Jumamosi nyingi, wakati nyasi zimekauka na maji yanakata vidole. Wakati wa joto kingo za mto hujaa watu, muziki na moshi wa nyama. Baridi unaupata mto wote.

Jumatano moja mke wangu aliniambia, akiwa ananyonyesha, bila kuinua macho, "Jumamosi unaenda na mama."

"Kuvua?"

"Kuvua."

"Atapata baridi."

"Ameshapata baridi. Sasa anapata huzuni."

Usiku ule nilimpigia rafiki yangu nikamweleza, naye akacheka muda mrefu kabla ya kukubali.

Jumamosi alfajiri mama mkwe alikuwa tayari kabla yetu. Alikuwa amebeba kikapu cha mandazi, chupa ya chai ya tangawizi na mkeka, na kichwani amejifunga shali ya mke wangu juu ya mtandio. Rafiki yangu alishuka kwenye gari akamsalimia kwa mikono miwili. "Jambo, mama. Umelamuka muzuri?" Kiswahili chake kilimfurahisha mama mkwe, nilimwona akitabasamu ndani ya shali.

Tatizo lilikuwa gari. Ile pikapu ina kiti kimoja tu kirefu mbele, watu watatu wanabanana bega kwa bega. Nilimvuta rafiki yangu pembeni nikamwambia mimi nitakaa nyuma, kwenye bodi.

"Uko na akili? Hii baridi itakuua."

"Yule ni mkwe wangu."

Alinitazama, akaelewa. "Hata kwetu iko vile vile," alisema, akanipa mablanketi mawili ya kufungia makabati.

Nililala kati ya fimbo za kuvulia na ndoo, nimejifunika mpaka kichwani. Kufika barabara kuu ya kusini, upepo ulikuwa unaingia kila penye upenyo. Tulipita vilima vya mchanga wa migodi vikiwa bado vyeusi, jua halijatoka. Masikio yalikufa kwanza, halafu magoti. Nilijaribu kusoma dua nikaona midomo haikutani.

Gari likasimama kituo cha mafuta. Nilifikiri tunaongeza mafuta. Nikasikia mlango, viatu vikizunguka, kisha blanketi likafunuliwa usoni mwangu. Alikuwa mama mkwe, amesimama na koti lake, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Baba," alisema. Hakuwa amewahi kuniita chochote. "Shuka uje ndani. Mwanangu hawezi kuwa mjane kwa ajili ya adabu yako."

Nikashuka. Miguu ilikataa, akanishika kiwiko mpaka nikasimama sawasawa. Ndani ya gari alikiweka kikapu cha mandazi katikati yetu, kikawa ukuta wetu, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Vidole vyangu havikushika vizuri, nikaimwagia suruali. Alicheka. Rafiki yangu akacheka. Nami nikacheka, meno yakigongana.

Tulifika mtoni jua likichomoza. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, ufuko mzima umekuwa mweupe, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka majini kama maji yamebandikwa jikoni. Mama mkwe alikanyaga majani yakalia chini ya kiatu. Akasimama. Akarudi nyuma, akakanyaga tena mahali pengine asikie. Akaenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni, na alipofika alikuwa na uso ambao sikuujua.

Huku tunavua samaki wawili hasa: kambare, na yule ambaye rafiki yangu humwita kapu. Mama mkwe aliuliza jina mara mbili. "Kapu? Kama la sokoni?" Nilimwambia ni jina la Kizungu, carp, limepita mdomoni kwa Mkongomani. Chambo chake ni donge la unga wa mahindi uliopikwa ukakaza kama ugali, ukatiwa sukari na vanila. Baridi kapu huwa mzito, hukaa chini penye kina kirefu na hali chambo ovyo, kwa hiyo lazima umshawishi. Tulitega fimbo kwenye vyuma vyake, tukafunga kengele ndogo kwenye ncha, tukakaa. Barafu iliganda kwenye vipete vinavyopitisha mshipi; kila mara tulivipulizia kwa mdomo ili mshipi usikwame.

Saa zikaenda. Kengele hazikulia. Mama mkwe alichukua kipande cha chambo, akakinusa, akakirudisha.

"Mnawapa ugali mtupu," alisema, "halafu mnalalamika hawali."

"Mama, muna vanila ndani," rafiki yangu alijitetea.

"Vanila ni ya keki."

Alifungua mkoba wake akatoa kijifuko cha iliki. Mpaka leo sijui kwa nini alikuwa anatembea na iliki mkobani mto Vaal. Alizitwanga kwa jiwe juu ya kifuniko cha ndoo, akazikanda na donge la unga, akaongeza vipande vya mandazi, akakanda tena kwa kiganja kama anayepika vileja. Wakati akikanda alianza kusimulia, na alikuwa ananisimulia mimi. Alisema utotoni walikuwa wakienda na mama zake maji yakipwa, wanawake peke yao, wakatandaza nguo baharini kuvua dagaa na uduvi. Maji yaliwafika mapajani na nyimbo zilikuwa za kuwasema waume zao. Alipoolewa mjini akaacha. "Sikufikiri nitavua tena," alisema. "Tena na mkwe."

Nilimrushia ndoana yake. Tulikula mandazi. Aliswali adhuhuri kwenye mkeka, koti likiwa juu ya mabega, na jua lilikuwa limepata nguvu kidogo, lile jua la baridi linalopasha uso na kuacha mgongo. Rafiki yangu alikwenda kuokota kuni. Ndipo kengele ikalia, ya fimbo ya mama mkwe, mara moja, ikanyamaza, halafu ncha ikainama kabisa.

"Mama, shika!"

Aliishika kwa mikono miwili. Mshipi ulikuwa unatoka kwa kasi, ukipiga kelele, na yeye alikuwa anasogea nao kuelekea majini, viatu vikiteleza kwenye tope.

"Unanivuta," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba, nishike."

Nilisita. Nakiri nilisita, kwa muda mfupi wa kijinga, nikifikiria pa kumshika mama mkwe. Halafu nikashika mkanda wa koti kwa nyuma nikachimbia visigino. Nilimwambia asivute kwa nguvu, amwache samaki akimbie, akichoka ndipo akunje mshipi. "Namjua huyu," alinijibu akihema. "Ni kama mtoto wa kumwogesha." Akawa anamwachia na kumvuta, anamwachia na kumvuta, huku akimsemesha, mpaka maji yakafunguka mbele yetu na ubavu wa dhahabu ukageuka juu.

Wavu wenye mpini ulikuwa kwenye gari. Hapakuwa na muda. Niliuachia mkanda nikaingia majini na viatu, mpaka magotini, baridi ikanikata pumzi. Nikamkumbatia yule samaki kifuani nikatoka naye nikianguka na kuinuka. Rafiki yangu alitokea na mzigo wa kuni begani, akatuona: mama mkwe amekaa kwenye tope ameishika fimbo, mimi nimelala nimekumbatia kapu mzito kama mtoto wa shule.

"Eish," alisema. Akaziangusha kuni zote.

Tulicheka mpaka mama mkwe akalazimika kujifuta macho kwa shali. Kisha akanifokea nivue soksi, akanikausha miguu kwa mtandio wake wa akiba, akipangusa kidole kimoja kimoja, bila hata mmoja wetu kukumbuka haya. Moto ulipowaka alinikalisha karibu nao kama samaki wa kuchoma.

Jioni alimpika mwenyewe. Alimlaza kwenye ndimu na chumvi, akamkaanga, akamtia kwenye tui zito la nazi na ukwaju. Rafiki yangu alialikwa. Mke wangu aliweka mtoto kitandani akakaa nasi mkekani. Tulisubiri mama aonje kwanza. Alitafuna, akatoa mwiba, akatafuna, akatoa mwingine, akaipanga miiba ukingoni mwa sahani.

"Huyu samaki," alisema hatimaye, "ana ladha ya tope."

Akachukua kipande kingine.

"Na miiba yake inatosha kushonea nguo." Akanitazama moja kwa moja. "Jumamosi ijayo tunaondoka saa ngapi?"

Tulikwenda Jumamosi ile na zilizofuata. Samaki wengine tuliwarudisha majini, maana mchuzi ule ulitutosha. Siku nyingine hatukupata chochote, na hizo si mbaya katika kumbukumbu zangu. Mwezi wa nane mwanzoni upepo ulivuma vumbi kutwa nzima, tukashindwa hata kurusha mishipi; tulifunga vioo vya gari tukacheza karata, na mama mkwe akamfunga rafiki yangu bila huruma. "Huyu mama iko naiba," alilalamika. Alikuwa anaiba kweli. Nilimwona akificha karata kwenye mkono wa koti, nikanyamaza.

Katika Jumamosi hizo tulizoeana na mzee mmoja Mzungu, mjane, anayevua hatua chache kutoka mahali petu na mbwa wake. Alikuwa haongei na mtu. Mama mkwe alimpelekea mandazi ng'ambo ya matete yaliyotutenganisha naye bila kujua neno la lugha yake, na akarudi na kopo la mahindi ya chambo. Wakawa wanabadilishana hivyo kila wiki.

Mama mkwe aliondoka mwezi ule ule, joto likianza kurudi. Wiki iliyofuata tulikwenda mtoni wawili tu. Yule mzee alisogea na mbwa wake, akaangalia ndani ya gari, akaniuliza kwa Kiingereza mama yangu yuko wapi.

Nilimwambia amerudi kwake, Tanga, na kwamba amesema baridi ijayo atakuja tena, mjukuu awepo asiwepo. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaniuliza kama mama yangu ameacha maagizo yoyote kuhusu chambo. Nilikuwa nimeachiwa kijifuko cha iliki, nikampa nusu.