Nyumba Alimofia Babu

Nilipokuwa mtoto, tukikaa Hamriya, mjini Maskati, nyuma ya maduka ya vitambaa, Babu alifariki katika chumba cha mwisho, kile kisichokuwa na dirisha, baada ya kukohoa msimu mzima wa baridi. Matanga yalipokwisha, Bibi alikunja mkeka wake, akauweka mlangoni, akasema tuhame.

"Tuhame twende wapi, Mama?" Baba akamuuliza.

"Popote. Mtu akishafia ndani, walio hai hawalali hapo. Nyumba itaita mwengine."

Shangazi Zuwena, dada yake Baba, ndiye aliyemjibu. Alimkumbusha kuwa ana eda, na mwenye eda hukaa nyumba ya mumewe mpaka imalizike. "Na hayo ya nyumba kuita watu ni mambo ya porini, Mama. Sisi Waislamu."

"Na mimi Muislamu. Nnasali tangu wewe hujazaliwa."

Bibi alitandika mkeka wake uani, chini ya kamba ya nguo, na chumbani hakuingia tena. Mimi nikirudi skuli nilikaa naye akichambua mchele, na hapo ndipo niliposikia, kidogo kidogo, habari ambazo wanawe mwenyewe walikuwa hawajawahi kumuuliza.

Bibi alikuwa Mhadzabe, kutoka bara, karibu na ziwa la chumvi. Watu wake waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Nyumba za kudumu hawakuwa nazo, na mtu akifa kambi ilihama. Yeye alikuwa kigori lilipokuja lori la serikali, na padri amekaa mbele. Wakaambiwa nchi imeshapata uhuru, ni aibu watu kuishi porini. Wakapelekwa kwenye nyumba za mabati zilizopangwa mistari, wakapewa unga wa mahindi na mablanketi. Watoto waliingizwa skuli ya misheni, wakakatazwa lugha yao, na kila mmoja akapewa jina. Yeye aliitwa Agnesi.

"Walikuwa wabaya?" nilimuuliza.

Bibi alifikiri. "Padri alikuwa mpole sana. Tukiumwa akitubeba mwenyewe. Lakini alikuwa hasikilizi."

Na waliumwa sana, kwa sababu hawakuwahi kukaa wengi namna ile mahali pamoja. Mdogo wake Bibi alikufa kwa kuhara. Mama yao akafunga mizigo siku ile ile. Bwana wa serikali akamwambia nyumba zile ni za kudumu, na atakayeondoka unga hatopata tena. Padri akamwambia marehemu yuko kwa Mungu, hana ubaya na mtu. Mama akafungua mizigo. Mvua hazijaisha, naye akafa, juu ya kitanda kile kile alichofia mwanawe.

Waliobaki walitoroka wakarudi porini. Bibi alikuwa hoi kwa homa, akaachwa misheni. Alipopata nafuu akaposwa na Babu, Mwarabu aliyekuwa na duka karibu na hapo. Akasilimu, akaitwa Salma, na baadaye akaletwa Maskati.

Wakati ananihadithia hayo, mdogo wangu Nasri alikuwa keshahamishiwa chumba cha Babu, kwa kuwa ndicho chenye kiyoyozi kizuri. Akaanza kukohoa. Mama yetu akampa asali na habasoda. Bibi alisimama nje ya mlango wa chumba, akasema, "Mtoeni mtoto humo." Shangazi akasema ni vumbi tu. Nasri akakonda mpaka kanzu ya skuli ikawa inamning'inia, na asubuhi moja akatema damu kwenye beseni.

Hospitali daktari alisema ni kifua kikuu, akauliza nani mwengine alikohoa nyumbani. Baba akamtaja marehemu, na kwamba Nasri amehamia chumbani kwake. Daktari akauliza chumba kikoje, akaambiwa hakina dirisha. "Msimlaze mtu humo tena," akasema.

Baba akapita kwa shehe wetu. Shehe akamwambia mwenye eda akihofia maradhi huruhusiwa kuhama, na lau angeulizwa mapema angesema hivyo hivyo. Baba akarudi nyumbani, akakaa chini uani, ubavuni mwa Bibi.

"Nisamehe, Mama. Tungekusikiliza."

"Si wewe wa kwanza, mwanangu," Bibi akasema. "Nimechoka tu."

Tulihamia Mawaleh. Nasri alikunywa dawa miezi mingi akapona, ila pafu moja halikurudi sawasawa. Leo ni mtu mzima, na akipanda ngazi husimama katikati. Bibi tuliishi naye huko miaka kadhaa, mpaka Mungu alipomchukua.

Sijui kama nyumba huita watu. Huenda Nasri aliambukizwa wakati Babu angali hai, daktari mwenyewe hakuweza kusema. Najua tu kuwa walioanzisha desturi ile walikuwa wameshazika watu wao wengi, na walijifunza kitu. Bibi alihamishwa alipotaka kukaa, akazuiliwa alipotaka kuhama. Na padri, na bwana wa serikali, na sisi wanawe na wajukuu zake, sote tulikuwa tukimtakia kheri. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo: hakuwahi hata kupata adui wa kumkasirikia.